UZI: Mgonjwa wa kiharusi anaelewa kila kitu lakini maneno hayatoki. Tuzungumze kuhusu njia nyeupe za ubongo

MpigaPicha_Tudor (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wanabaraza, na habari za jioni kwa wote.

Haupiti mwezi humu bila mtu kuuliza swali lilelile: mzee kapigwa na kiharusi, karudi nyumbani, anatuelewa, mzaha ukipigwa anacheka pale pa kuchekea, lakini ukimwambia "sema maji" anatoa "mani" au "majo". Akijisikia anajua amekosea, anajaribu tena, anakosea kwingine, mwisho anakasirika na kugeukia ukutani. Majibu nayo ni yaleyale. Mpeni habasoda. Mfundisheni upya kama mtoto. Kuna aliyeandika juzi kwamba akili imeondoka, wamzoee tu hivyo.

Akili haijaondoka, na hilo ndilo lililonileta. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kupiga picha za ndani ya mwili, CT na MRI, na sitamwandikia mtu dawa hapa.

Shuleni tulifundishwa kwamba lugha ina mahali pake ubongoni, upande wa kushoto, basi. Hiyo ni nusu ya habari. Ubongo una sehemu mbili ambazo waweza kuziona kwa macho bila mashine yoyote. Siku ukinunua bongo la mbuzi kwa mabucha wa Marikiti, usilitie chunguni mzimamzima. Likate katikati kwa kisu kikali. Ukingo wa nje utauona una rangi ya kijivu, mwembamba, haufiki nusu sentimita. Ndani yake ni kweupe. Kwenye ule ukingo ndiko ziliko seli zinazofanya kazi ya kufikiri. Ule weupe ni nyuzi zinazotoka kwenye seli hizo kwenda kuzungumza na seli za mbali. Weupe wenyewe ni mafuta. Kila uzi umeviringishiwa tabaka la mafuta liitwalo mayelini ili habari ipite mbio: uzi wenye mafuta hupitisha ishara makumi ya mita kwa sekunde, usio nayo mita moja mbili hivi. Kwa binadamu weupe huu unakaribia nusu ya ubongo mzima. Watafiti wa Denmark walipiga hesabu mwaka 2003: nyuzi zenye mafuta za mtu wa miaka 20, zikipangwa mstari mmoja, zafika kilomita 149,000 kwa mwanamke na 176,000 kwa mwanamume. Hayo yote yamo kichwani mwa kijana anayekupigia honi pale Buxton.

Sasa mtu wa Mombasa hahitaji mfano wa mbali. Feri ya Likoni ikikwama, Likoni ipo, kisiwa kipo, maduka yamefunguliwa kote kuwili, watu wamevaa wako tayari. Ila mfanyakazi hafiki kazini. Kiharusi chaweza kufanya hivyo hivyo. Sehemu inayoelewa maneno ikabaki, sehemu inayoyatengeneza ikabaki, kikakatika kilichoziunganisha.

Naendelea chini, nipeni nafasi.

---

Makupa_Damu

Kaka umeanza vizuri lakini nyama iko wapi? Hizo nyuzi zinatoka wapi kwenda wapi?

---

BintiKuze

Nafuatilia kwa makini. Mama yangu mkubwa ana hali hiyo tangu mwezi wa Ramadhani. Yeye anasema, tena kwa kasi yake ya zamani, ila ndani ya maneno herufi zinaruka. Na ukimwambia rudia ninavyosema ndiyo anaharibikiwa kabisa.

---

MpigaPicha_Tudor

@BintiKuze pole sana dada, Mwenyezi Mungu ampe shifaa. Hiyo ya kushindwa kurudia ishike, ina maana yake.

@Makupa_Damu nyama hii hapa. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, alikuwako mgonjwa aitwaye Leborgne. Alikuwa amelazwa miaka 21 na silabi yake ilikuwa moja tu, "tan", akiitoa mara mbili mbili, hata watu wakamwita kwa jina hilo. Aliyoulizwa aliyaelewa, akiulizwa hesabu alijibu kwa vidole. Alipofariki, daktari Paul Broca alimfungua kichwa akakuta kidonda mbele, upande wa kushoto, na sehemu hiyo mpaka leo inaitwa eneo la Broca. Vitabu vingi vya shule vinaishia hapo.

Lakini Broca hakulikata lile bongo. Alilitia kwenye dawa likahifadhiwa makumbusho. Mwaka 2007 Nina Dronkers na wenzake walilipitisha kwenye MRI, pamoja na la mgonjwa wa pili wa Broca, Lelong. Kidonda hakikuwa cha juujuu. Kilikuwa kimezama hadi kwenye weupe, na njia ndefu inayounganisha nyuma na mbele ilikuwa imeharibika kwa wote wawili. Maana yake, kwa karibu miaka 150 dunia nzima ilimtaja Leborgne kuwa mfano wa mtu aliyeharibika mahali pamoja, kumbe na njia pia ilikuwa imekatika.

Kuna aliyeligundua hilo mapema kwa hoja tupu. Carl Wernicke, Mjerumani, miaka 26, mwaka 1874 aliandika kuhusu wagonjwa walioharibika sehemu ya nyuma, usawa wa sikio la kushoto, ambao wanasema sana lakini hawaelewi. Kisha akasema: ikiwa kuna kwa kuelewa na kwa kutamka, lazima pana njia baina yao, ikikatika njia peke yake, tutampata mtu anayeelewa, anayesema bila kusita, lakini sauti za maneno zinamvurugikia. Mwaka 1885 Lichtheim akaongeza kwamba huyo atashindwa hasa kurudia neno la mwenzake. Mama mkubwa wa BintiKuze sijamwona wala picha zake sijaziona, kwa hiyo sitamhukumu, ila maelezo yanafanana.

Njia yenyewe madaktari wanaiita fasikulasi akuati. Mimi nitaiita njia ya tao, kwa sababu imepinda: inaanzia sehemu ya pembeni karibu na sikio, inapanda nyuma, inazunguka, halafu inanyooka kuelekea mbele hadi eneo la Broca na jirani zake.

Mwaka 2005 Marco Catani na wenzake kule London waliichora kwa MRI ya aina ya pekee inayofuata mwendo wa maji. Maji yaliyomo ubongoni hayatulii, lakini ndani ya fungu la nyuzi hutembea kwa wepesi kufuata nyuzi kuliko kuzivuka. Mashine inapima tofauti hiyo, kompyuta inaunganisha nukta. Wakaona tao si moja. Ipo njia ya moja kwa moja, na kando yake ipo ya mzunguko, vipande viwili vinavyokutana sehemu ya juu nyuma ya sikio. Ndiyo barabara yetu ya Dongo Kundu: feri ikikwama waweza kufika, ila kwa kuchelewa na kwa kujua pa kukunjia.

---

Mwalimu_Chaani

Samahani mwanzisha uzi, mimi nimefundisha bayolojia miaka mingi na hapa naweka breki. Hizo picha za rangi rangi za nyuzi si picha. Ni kompyuta inakisia. Nyuzi mbili zikipishana, programu inaweza kupotea ikachora njia ambayo haipo. Na ninavyojua, wapo watafiti wanaosema wagonjwa wa kushindwa kurudia wengi wao wameharibika kwenye ule ukingo wa kijivu, si kwenye njia. Tusiwauzie watu nadharia kama Biblia.

---

MpigaPicha_Tudor

Mwalimu, shikamoo, na hoja yako ni nzito. Kweli ni makisio ya kompyuta, na penye makutano mashine hupotea. Pia ni kweli kwamba kwa hawa wa kushindwa kurudia kuna kundi la wataalamu wanaolaumu zaidi sehemu ya kijivu pale nyuma, ncha ya njia, kuliko njia yenyewe. Kiharusi hakichagui, kinakula kijivu na cheupe kwa pamoja, ndiyo maana ubishi haujaisha.

Lakini hatutegemei kompyuta peke yake. Josef Klingler, mtu wa Basel kule Uswisi, miaka ya 1930 aligundua namna ya kuzifungua nyuzi kwa mkono. Bongo linakaa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia, halafu linagandishwa kwenye barafu. Maji yakiganda yanavimba yakazitenganisha nyuzi. Likiyeyuka unachukua kijiti cha mti kilichochongwa bapa unachambua fungu moja moja. Tao lipo. Unaligusa.

Na ushahidi ninaouamini kuliko wote ni wa vyumba vya upasuaji. Hugues Duffau, Montpellier kule Ufaransa, ni mmoja wa wanaotoa uvimbe ubongoni mgonjwa akiwa macho. Bongo lenyewe halisikii maumivu. Mgonjwa anaonyeshwa michoro aitaje, huku daktari akigusa nyuzi kwa umeme mdogo sana. Akigusa njia ya tao, mgonjwa anataka kusema neno sahihi lakini sauti zinavurugika. Akigusa njia nyingine, ile inayopita chini kutoka kisogoni hadi mbele, sauti zinatoka safi kabisa, ila neno ni jingine la jamii moja: anaonyeshwa ng'ombe anasema farasi. Umeme ukiondolewa, lugha inarudi papo hapo.

Hapo ndipo watu wa nyumbani wanapofaidika. Wataalamu wengi sasa wanasema kuna njia ya juu inayobeba sauti kuipeleka kwenye ulimi, na njia ya chini inayobeba maana. Mgonjwa wako akisema "mani" badala ya "maji", mashaka yanaelekea juu. Akisema "chai" badala ya "maji", na haoni kama amekosea, mashaka yanaelekea chini. Andikeni makosa yenyewe kwenye daftari, neno kwa neno, kama yalivyotoka. Daktari akiuliza "anasemaje?" msimjibu "haongei vizuri". Msomeeni daftari.

---

Mwalimu_Chaani

Hapo umenipata. Hiyo ya daftari nitaichukua.

---

UstadhKibokoni

Mimi nna swali. Maalimu wetu wa chuoni alipigwa na kiharusi mwaka jana. Aongea vyema, hana kasoro ya ulimi. Ukimwanzia aya aimaliza, juzuu nzima yatoka kichwani. Lakini mpe msahafu, mato yaona wino tu. Hasomi. Ajabu yenyewe: mpe kalamu aandika. Aandika jina lake, aandika barua, halafu baada ya saa ukimrudishia karatasi ile ile hawezi kuisoma. Watu wa mtaani washaanza maneno, wasema ametupiwa kitu na wanaomhusudu kwa kisomo chake. Haya nayo yamo kwenye hizo ndia zako?

---

MpigaPicha_Tudor

Ustadh, hiyo imeandikwa karibu kama ulivyoisema. Mwaka 1892 Jules Dejerine, daktari wa Paris, alieleza habari za bwana mmoja msomi aliyejikuta ghafla haoni maana ya herufi. Anaona vyema, anaandika vyema, alichoandika hakisomi. Alipofariki walikuta kidonda kisogoni upande wa kushoto, na kimekula pia sehemu ya nyuma ya daraja kubwa la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo. Daraja hilo lina nyuzi kama milioni 200.

Fikiria hivi. Kisogo cha kushoto kimekufa, kwa hiyo kuona kunafanyika kulia. Herufi zinaonekana, lakini ili zisomwe lazima zivuke kwenda kushoto kwenye lugha, na sehemu ya kuvukia imekatika. Kuandika hakuhitaji kuvuka, kunatoka kushoto kwenyewe. Aya alizohifadhi pia haziingii kwa macho. Hakuna husuda hapo. Watu wa aina hii mara nyingi hawaoni vizuri vitu vilivyo upande wao wa kulia, mwangalieni kama anagonga milango au anaacha chakula nusu ya sahani.

Na kuna ujanja wa zamani unaowasaidia baadhi: mwacheni aifuate herufi kwa kidole, aichore juu ya meza au kiganjani. Habari ya mkono inapita njia nyingine. Ni polepole, herufi moja moja, lakini wapo wanaosoma hivyo.

---

UstadhKibokoni

Subhanallah. Alhamisi naenda kumzuru, nitamjaribu na alifu na be. Hayo ya kugonga mlango ni kweli, bega lake la kulia lina alama.

---

Mpwani_Dubai

Uzi kuhusu nyuzi 😂 Admin ubandike huu juu.

---

MjukuuWaRabai

Swali la sisi wa lugha nyingi. Nyanya yangu alikuwa anasema Kirabai, Kiswahili, na Kiingereza cha kazini maana alipikia wazungu hotelini. Baada ya kiharusi kimebaki Kirabai, na Kiswahili cha kubahatisha. Ndugu zangu waliozaliwa mjini hawamwelewi, wanadhani anabwabwaja. Je, kila lugha ina njia yake?

---

MpigaPicha_Tudor

Hapana, lugha zote za mtu mmoja kwa sehemu kubwa zinatumia njia zilezile. Kuna kauli mbili za zamani kuhusu ipi hurudi kwanza. Ribot, miaka ya 1880, alisema ya kwanza kujifunza ndiyo huhimili. Pitres, 1895, alisema ni ile aliyokuwa akiitumia zaidi kabla ya ugonjwa. Wagonjwa wamekuja na kuzikanusha zote mbili. Wengine lugha zinarudi pamoja, wengine zinapokezana, leo hii kesho ile. Nyanya yako amemfuata Ribot.

Cha kufanya ni chepesi na ni cha aibu kuwa hakifanywi: mtafuteni mtu wa Kirabai aende naye kwa daktari. Nimeona wagonjwa wakipimwa usemi kwa Kiingereza, mama wa watu wa kutoka bara ya Kaloleni anaulizwa majina ya vitu kwa Kiingereza, halafu inaandikwa kwenye faili kwamba haelewi.

Kuna utafiti mmoja utawapendeza watu wa mji wetu. Mwaka 2023 kituo cha Max Planck kule Leipzig kilichapisha picha za nyuzi za watu 94, nusu wamekulia Kiarabu, nusu Kijerumani. Wa Kijerumani nyuzi za ndani ya upande wa kushoto zilikuwa na nguvu zaidi. Wa Kiarabu nyuzi za kuvuka kati ya kushoto na kulia zilikuwa na nguvu zaidi. Watafiti wanadhani ni namna Kiarabu kinavyojenga maneno kwa mizizi ya konsonanti, na namna Kijerumani kinavyopanga sentensi. Mimi hapo kwenye sababu nasitasita. Watu hawa wanatofautiana kwa mengi, si lugha tu. Lakini kwamba lugha uliyokulia inaacha alama kwenye weupe, hilo naona ni la kuaminika.

Natamani mtu afanye kama hiyo kwa watoto wa Mji wa Kale, wanaokua na Kimvita nyumbani, Kiarabu chuoni na Kiingereza shuleni.

---

Makupa_Damu

Na kigugumizi? Mdogo wangu kinamsumbua.

---

MpigaPicha_Tudor

Kifupi: kwa wenye kigugumizi tangu utotoni tafiti nyingi, tangu ule wa Wajerumani wa 2002, zimekuta weupe wa kushoto chini ya sehemu za kuendesha mdomo na ulimi umepangika tofauti kidogo. Si uvivu, si woga, na kumkaripia hakusaidii. Fungua uzi wake, ni habari ndefu.

---

ShangaziLikoni

Wanangu, mimi sijui kusoma hayo yenu yote, mjukuu ananiandikia. Mume wangu hana neno hata moja. Kila kitu ni "eee" na "kwa kwa". Lakini juzi kulikuwa na maulidi jirani, vijana walipoanza kaswida akaiimba nao, maneno yote, hakuruka hata moja! Watu walilia. Na akisali Alhamdu inatoka. Tukarudi ndani nikamwambia haya sema jina langu. Wapi. Wanangu wakubwa wanasema anajifanya.

---

MpigaPicha_Tudor

Shangazi, shikamoo. Hajifanyi, waambie hao wakubwa kwa sauti yangu.

Maneno tuliyoyarudia maelfu ya mara (Alhamdu, kuhesabu moja mbili tatu, matusi pia, mnisamehe) na maneno yaliyofungwa kwenye wimbo hayaundwi upya kila mara kama tunavyounda sentensi. Upande wa kulia wa ubongo una mkono mkubwa katika tuni, na kiharusi chake ni cha kushoto. Upande wa kulia nao una tao lake. Kwa wengi ni jembamba kuliko la kushoto, lakini lipo.

Mwaka 1973 madaktari wa Boston walitoa njia ya kufundisha kusema kwa tuni. Huimbi wimbo mzima. Unachukua sentensi fupi ya kazi, mfano "nataka maji", unaiimba kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, kufuata mkazo wa maneno yenyewe. Wakati huo unamshika mkono wa kushoto na kuupigapiga mezani, pigo moja kwa kila silabi: na-ta-ka-ma-ji. Mnaimba pamoja, akizoea unanyamaza katikati anaendelea mwenyewe, siku zikienda mnapunguza tuni mpaka inakuwa kusema. Mwaka 2009 Gottfried Schlaug na wenzake waliwapiga picha wagonjwa sita kabla na baada ya mafunzo hayo, na tao la kulia lilikuwa limeongezeka nyuzi. Sita ni wachache, na walifundishwa kila siku kwa wiki nyingi, si mara moja baada ya Ijumaa. Si kila mtu inamfaa. Inawafaa zaidi wanaoelewa vizuri lakini hawatoi maneno, na wewe umenieleza mtu wa namna hiyo.

Msianze na jina lako, shangazi, najua unalitamani. Anzeni na anachokihitaji mara kumi kwa siku. Maji. Choo. Nimechoka. Na hebu acheni kumuita mbele za wageni mkamwambia "sema, sema". Hiyo naiandika kwa kila mtu anayesoma, maana ndiyo inayonikera kuliko zote. Kurudia neno la mwenzako ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa mtu ambaye njia ya tao imekatika, na sisi nyumbani ndiyo tunayomfanyia mtihani asubuhi, mchana na jioni. Mpe maswali ya ndiyo na hapana. Weka vikombe viwili mbele yake, cha chai na cha maji, aonyeshe. Sema pole pole, mtu mmoja kwa wakati, redio imezimwa. Usipige kelele, masikio yake hayana kitu.

---

ShangaziLikoni

Mungu akuzidishie mwanangu. Mjukuu ameshaanza kupiga meza.

---

DadaWaNgumbaru

Nafundisha watu wazima kusoma huku Mshomoroni, wengi ni akina mama wa miaka hamsini kwenda juu. Wananiambia "mwalimu, kichwa kimeshakauka". Hizo nyuzi zinabadilika bado kwa umri huo au nadanganya nikiwatia moyo?

---

MpigaPicha_Tudor

Hudanganyi. Mwaka 2014 Michel Thiebaut de Schotten na wenzake walilinganisha wasiojua kusoma, waliojifunza utotoni, na waliojifunza wakiwa watu wazima kama hao wako. Kipande cha nyuma cha njia ya tao, upande wa kushoto, kilikuwa na nguvu zaidi kwa waliojua kusoma, na kwa waliojifunza ukubwani pia. Njia ya juu ni ya kuchelewa hata kwa watoto: vichanga wa siku chache wanayo tayari njia ya chini, na ya juu wanayo ile inayoendesha mdomo tu; kipande kinachofika eneo la Broca kinaendelea kukomaa mpaka miaka ya shule. Waambie wanafunzi wako hivyo.

---

Kisauni_Bonge

Kaka tuongelee na mwanzo wake. Mtu akianguka leo tufanye nini?

---

MpigaPicha_Tudor

Uso umepinda upande mmoja, mkono hauinuki, maneno yanakokota au hayaeleweki: lolote kati ya hayo likitokea ghafla, hospitali sasa hivi, na iwe yenye mashine ya CT. Tazama saa, ukumbuke ilianza lini. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi kabla ya picha, maana kiharusi cha mshipa uliopasuka kikipewa dawa hiyo ni msiba. Mwaka 2006 daktari Jeffrey Saver wa Marekani alipiga hesabu: katika kiharusi kikubwa cha kuziba, kila dakika inayopita zinakufa seli za neva milioni 1.9 na nyuzi zenye mafuta za urefu wa kilomita 12. Kila dakika. Kwa hiyo habari ya kumlaza kwanza, kumsugua mafuta, kumngojea mjomba atoke Malindi aamue, iacheni. Wala msimpe chai kooni, huenda kumeza nako kumeharibika.

---

BintiKuze

Swali la mwisho kaka, nakusumbua. Binamu zangu wa nje wamesoma huu uzi wakanipigia, wanataka kuchanga pesa mama mkubwa apigwe hiyo MRI ya kuchora nyuzi. Ipo hapa Mombasa au twende Nairobi? Na je, ataponea?

---

MpigaPicha_Tudor

Dada, waambie wasichange kwa ajili ya hiyo. Picha ya kuchora nyuzi inawafaa hasa madaktari wanaojiandaa kutoa uvimbe, wajue wapite wapi wasiiguse njia ya lugha, na watafiti. Kwa mgonjwa wa kiharusi aliyekwisha kutulia, ile CT au MRI ya kawaida mliyopiga hospitali inatosha, na matibabu hayatabadilika kwa kuziona nyuzi zikiwa na rangi. Ukiwa na filamu au CD yake itunze, usiiache gari la tuktuk.

Kupona siwezi kukuahidi. Stephanie Forkel na wenzake, 2014, waliwafuata wagonjwa miezi sita wakakuta kwamba waliokuwa na tao kubwa upande wa kulia walirudisha usemi vizuri zaidi, mbali na umri na ukubwa wa kidonda. Kwa hiyo kila mtu anaanza na mtaji wake. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye kasi, lakini wapo wanaoendelea kupata maneno baada ya miaka.

Pesa hizo za binamu mpelekeni kwa mtaalamu wa tiba ya usemi. Ni wachache pwani yetu, foleni ni ndefu, na huenda mkalazimika kumpata mmoja kwa simu ya video kutoka Nairobi. Mwombeni awafundishe ninyi wa nyumbani mazoezi, maana yeye mtamwona mara moja kwa wiki na mama mkubwa yuko nanyi kila siku. Muulizeni kama anafanya kazi kwa Kiswahili. Nendeni na daftari la makosa, na kama kuna sauti yake mliyoirekodi kabla ya kuugua, hata ile ya WhatsApp ya kuwatakia Idi, mpelekeeni pia asikie alivyokuwa akisema.